Mnoko ni Nani?

Wako walimu wenzetu wanaodai kwamba neno "mnoko" lipigwe marufuku madarasani, kwa kuwa ni neno la mitaani. Sisi twapinga. Neno hilo, lililoenea mitaani Tanzania na kutufikia Uganda kwa nyimbo na kwa vinywa vya madereva, halina kosa la sarufi: mnoko, wanoko, unoko. Limejipanga katika ngeli zake vizuri kuliko insha nyingi tunazozisahihisha. Hata "kuboa", lililotwaliwa katika Kiingereza, limekwisha kuzaa "kuboeka". Lugha isiyozaa ni lugha iliyokufa.

Ubaya umo katika matumizi. Kiswahili kimemjua tangu zamani mharibu furaha. Humwita kisirani, yaani mtu ambaye akitokea tu, shughuli huingia mkosi, humwita nuksi, na husema kwamba amemtia mwenziwe kitumbua mchanga. Tazama msemo huo ulivyo wa haki: kitumbua ni kitamu, mwenyewe ana haki ya kukila, na mchanga umetiwa kwa mkono wa mwingine. Dhuluma ni dhahiri.

Je, mnoko ametia mchanga kitumbua cha nani? Mwanafunzi akataaye kumwonyesha jirani majibu ya mtihani huitwa mnoko. Karani asiyepokea mlungula ni mnoko. Mwalimu anayeingia darasani saa mbili kamili naye ni mnoko. Hapo kitumbua chenyewe kimeibwa, na anayelaumiwa ni yule aliyekataa kukila!

Basi tusilifute neno; tulifundishe. Tuandike ubaoni kisirani, nuksi na mnoko, kisha tuwaulize wanafunzi: ni yupi kati yao aliyeharibu furaha ya halali?

Nasi walimu tujihoji. Katika nchi hii Kiswahili kilichukiwa miaka mingi kwa kudhaniwa kuwa lugha ya askari, lugha ya kuamrishia na kunyang'anyia. Mwaka 2005 katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini katiba haiwezi kumpendeza mtoto lugha anayoiogopa. Mwalimu anayemkatiza mwanafunzi kila afumbuapo kinywa, kwa ajili ya upatanisho wa ngeli, huirudisha kambi darasani. Huyo akiitwa mnoko asilalamike kwamba ameonewa. Amepunguziwa: yeye ni kisirani hasa.