Maziwa ya Kopo si Aibu ya Mama

Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wiki 37, mara nyingi hana nguvu ya kunyonya. Mama hukamua maziwa, mtoto akalishwa kwa kikombe au mrija. Yasipotosha, daktari huagiza nyongeza. Hapo ndipo wakwe na majirani huanza: "Kwani wewe huna maziwa?"

Hukumu hiyo humwangukia asiye na kosa. Shirika la Afya Duniani limepanga ngazi tatu: kwanza maziwa ya mama mwenyewe, kisha ya mama mwingine, yakiwa yamepashwa moto kuua vijidudu, mwisho ya kopo, ambayo humwongezea njiti hatari ya ugonjwa wa utumbo. Ngazi ya kati ndiyo tuliyowanyima wazazi wengi. Kenya ilifungua benki yake ya kwanza ya maziwa ya mama mwaka 2019, Pumwani, Nairobi. Mama wa Lodwar ataifikiaje?

Tunayo sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti matangazo ya maziwa ya kopo, na ni sheria njema. Lakini katazo peke yake halimshibishi mtoto. Kopo lililoagizwa na daktari ni tiba. Anayestahili kuulizwa yako wapi maziwa ni serikali, si mama.