MAONI YETU: Skopu ipi kwa mgonjwa wa Rusizi?

Mtu wa Kamembe, wilayani Rusizi magharibi mwa Rwanda, akibanwa na jiwe la figo, hutulizwa kwanza kwa dawa. Jiwe lisiposhuka lenyewe, rufaa humvusha msitu wa Nyungwe hadi Huye au Kigali. Huko daktari hupitisha skopu, mrija mwembamba wenye kamera, kwenye njia ya mkojo, kisha leza hulivunja jiwe bila kisu.

Ipo skopu ya kuoshwa na kutumika tena, ipo ya kutumika mara moja na kutupwa. Wanaoisifia hii ya pili wana hoja: haibebi vijidudu vya mgonjwa aliyetangulia. Aprili 2021, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitahadharisha juu ya maambukizi yaliyohusishwa na skopu za mkojo zinazorudiwa. Kama usafishaji unakosewa kwenye hospitali tajiri, kwetu tuwe macho zaidi.

Tatizo ni bei. Ya kutupa hula mamia ya dola, pengine zaidi ya elfu, kwa kila mgonjwa. Ya kuoshwa inayopinda hununuliwa kwa maelfu mengi, na ni dhaifu: baada ya kutumika mara kadhaa huharibika, na matengenezo yake ni ghali. Penye wagonjwa wachache, ya kutupa yaweza kuwa nafuu. Penye wengi, hesabu inageuka.

Sisi tunasema: inunuliwe kwanza skopu ngumu ya chuma. Inadumu, na kwa mawe mengi yaliyokwama kwenye mrija wa mkojo chini ya figo inatosha. Za kutupa ziwekwe chache, kwa mawe yaliyo ndani ya figo.

Watakaouliza kuhusu taka za skopu za kutupa wana haki. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008. Lakini utafiti wa Australia wa 2018 ulikuta aina zote mbili za skopu zinazopinda hutoa hewa ya ukaa karibu sawa, kilo 4.4 kwa kila mgonjwa. Kuosha nako kunakula umeme, maji na dawa.

Tusilolikubali kabisa ni skopu ya kutupa kuoshwa kwa ajili ya mgonjwa wa pili. Na bajeti ya skopu ya kuoshwa isipitishwe bila fungu la msafishaji aliyefunzwa na la matengenezo. RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii ya Rwanda inayosimamia bima ya afya ya Mituweli tangu 2015, itangaze wazi inalipia skopu ipi na kwa kiasi gani, familia ijue kabla ya kupanda basi Kamembe.