Kibarua wa Shamba Naye ni Mfanya Kazi



Watu wengi wakisikia jina la Mombasa hufikiri bandari, reli na hoteli. Husahau kwamba ukivuka feri ya Likoni ukashika njia ya Mtongwe au Shika Adabu, au ukipita Kisauni ukaelekea Mwakirunge, au ukitoka Changamwe ukafuata upande wa Miritini, bado utakuta minazi, miembe, mikorosho, mihogo, mabanda ya kuku na ng'ombe wa maziwa. Na ndani ya mashamba hayo wamo watu wanaofanya kazi kwa malipo. Wengine ni ndugu zetu, wengine ni wake zetu, na wengine ni wanachama wetu wenyewe ambao wakikosa zamu kiwandani huenda kulima au kukwea siku mbili tatu wapate pesa ya unga. Juu ya watu hao hatujaandika neno katika karatasi hii kwa muda mrefu, na kosa hilo ni letu.

Lililotuamsha ni hili. Alikuja ofisini kwetu mke wa mkwezi mmoja wa ng'ambo ya Likoni. Mumewe alianguka kutoka juu ya mnazi asubuhi moja baada ya mvua, akavunjika nyonga. Walimpakia juu ya pikipiki, katikati ya watu wawili, wakampeleka hadi kivukoni, na hapo wakangoja feri. Mwenye shamba alitoa shilingi elfu mbili na pole nyingi. Yule bibi alipomwuliza juu ya fidia, alijibiwa hivi: "Huyu si mtu wangu. Mimi humlipa kwa mnazi."

Neno hilo, "si mtu wangu", ndilo tunalotaka kulijibu leo. Maana hatari za shamba ni nyingi, lakini nyingi kati yake huzaliwa na neno hilo. Asiye mtu wa mtu hapewi kamba, hapewi glavu, hapewi chumba cha kibinadamu, na akiumia hana wa kumdai.

Tuanze na mnazi wenyewe. Mnazi wetu wa kienyeji, ule mrefu, hupita futi 60. Mkwezi huupanda kwa vidato vilivyochongwa katika shina, kwa miguu mitupu, panga kiunoni. Mgema yeye hupanda minazi yake asubuhi na jioni, siku zote za mwaka, kusi ikivuma na mvua ikinyesha, kwa kuwa tembo halingoji. Vidato huoza. Shina likilowa huteleza kama samaki. Juu kabisa huenda akakuta manyigu, naye hana pa kukimbilia. Wenye mashamba hupenda kusema kwamba wakwezi huanguka kwa sababu ya ulevi. Walevi wako, hatukatai, na mwenye kulewa asikwee. Lakini sisi twauliza: huyu anayelipwa kwa hesabu ya minazi, akikaa chini saa mbili akingoja shina likauke, saa hizo mbili anazilipwa na nani? Anajipunja mwenyewe. Malipo ndiyo yanayompandisha mtini shina likiwa bado na maji, na aliyepanga malipo hayo si mkwezi.

Kwa hiyo tunataka asubuhi ya mvua ilipwe kama asubuhi ya kazi. Tunataka vidato vikaguliwe kabla ya msimu, na vilivyooza vichongwe upya mahali pengine. Tunataka mkwezi apewe ukanda imara wa kujifungia shinani, na afundishwe kuutumia na mtu anayeujua, kwa sababu ukanda usiozoeleka nao una hatari yake. Watoto na akina mama wanaokusanya nazi wasikae chini ya mti mpaka mtu ashuke. Na mwenye shamba anayepanda minazi mipya apande kitamli, mnazi mfupi, ili wajukuu wetu wachume dafu miguu yao ikiwa karibu na ardhi. Wazee watasema nazi ya kitamli si tamu tuini. Hilo tunawaachia wapishi.

Tena, mtu akianguka asiinuliwe kwa mabega na miguu na kupakiwa pikipiki kama gunia. Mgongo uliopata ufa huweza kukatika njiani. Mlazeni juu ya ubao au mlango uliong'olewa, shingo isichezecheze, mkatafute gari. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka wa 2007 yamtaka tajiri ndiye atoe chombo cha kumchukulia aliyeumia kazini, na gharama za matibabu ziwe juu yake.

Sasa dawa. Katika mashamba ya bara yetu dawa hupigwa kwa bomba la mgongoni: dawa ya wadudu wa mboga, dawa ya kuua magugu, dawa ya kupe wa ng'ombe. Anayepiga mara nyingi ni kijana aliyevua shati kwa joto, saa sita ya mchana. Hajui kusoma maandishi madogo ya chupa, na hakuna aliyemsomea. Basi ajue japo rangi. Chupa yenye utepe mwekundu ndiyo kali kupita zote, kisha manjano, kisha buluu, na kijani ndiyo nyepesi. Nyepesi si maana yake ya kunywa. Apige asubuhi mapema, upepo ukiwa mgongoni pake, amevaa mikono mirefu, glavu, viatu vya mpira na kitu cha kufunika pua na macho, na vyombo hivyo vinunuliwe na tajiri, visikatwe katika mshahara. Pua ya bomba ikiziba asiipulize kwa mdomo. Tunasema hivi kwa kuwa tumeona ikifanywa.

Mtu akiingiwa na sumu ya wadudu hutokwa jasho na mate mengi, hutapika, mboni za macho huwa ndogo kama kichwa cha pini, na pumzi humpaa. Watu wetu hukimbilia maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hiyo, hupoteza muda tu. Mvueni nguo, mwosheni mwili kwa maji na sabuni nanyi mkijikinga mikono, msimtapishe, mpelekeni hospitali mbio, na ile chupa ya dawa iende naye ili daktari ajue anapambana na nini.

Lakini, ndugu zetu, hatari kubwa ya dawa haiko bombani. Iko chumbani. Mfanya kazi wa kiwandani kengele ikilia hutoka langoni akaiacha mashine nyuma yake. Mfanya kazi wa shamba hulala pale pale anapofanyia kazi, yeye na mkewe na watoto wake. Na mara ngapi chumba anachopewa ni stoo? Upande huu kitanda, upande ule mapipa ya dawa, mbolea, petroli ya pampu na mapanga. Dawa iliyobaki hutiwa katika chupa ya soda na kuwekwa dirishani. Mtoto wa miaka mitatu hajui utepe wa rangi, yeye anaijua soda. Pipa tupu la dawa huoshwa likatiwa maji ya kunywa. Nguo iliyolowa dawa hufuliwa pamoja na nepi.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 yasema tajiri ampe mfanya kazi wake nyumba ya kufaa au pesa za kodi, na ampe maji safi ya kutosha. Stoo ya sumu si nyumba ya kufaa, na pipa la dawa halitoi maji safi. Wanachama wetu wamezoea kuhesabu nyumba kuwa jambo la mshahara. Shambani nyumba ni jambo la usalama, na dawa iwe na chumba chake, chenye kufuli, mbali na kisima na mbali na jiko.

Anayedhani sumu hukaa pale ilipowekwa na akumbuke Owino Uhuru, huko Mikindani, si mbali na Changamwe. Mwaka wa 2007 kilianza hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na kikafungwa mwaka wa 2014. Risasi yake ilipita ukuta, ikaingia katika udongo, maji na damu ya watu ambao hawakuajiriwa hata siku moja. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanya kazi wa kiwanda hicho, aliona mtoto wake mchanga akiugua, na katika damu ya mtoto ikakutwa risasi. Aliacha kazi akaongoza wenyeji kudai haki. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, Mahakama ya Rufani ikaiondoa hukumu hiyo mwaka wa 2023, na Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. Miaka kumi kamili tangu kiwanda kufungwa! Kile kilikuwa kiwanda, wala si shamba. Ila udongo ni udongo, na mtoto anayecheza juu yake ni yule yule.

Liko jambo lingine ambalo halisemwi, nalo huua kimya kimya. Wanaofuga kuku huwasha jiko la makaa katika banda la vifaranga ili wasife kwa baridi ya usiku. Banda hufungwa kila upande, na kijana wa kazi huambiwa alale humo humo awalinde. Hewa ya makaa haina harufu wala rangi. Mtu huona kichwa kizito, hulala, haamki. Basi awekewe kitanda nje ya banda, na banda liachwe pa kupitisha hewa hata kama litakula makaa zaidi. Kifaranga hununuliwa sokoni.

Juu ya nyoka tutasema machache. Hongo, yule nyoka wa kijani, hupenda miembe na mikorosho. Tazama juu kabla ya kupanda, na usitie mkono ndani ya makuti makavu. Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, wala asiwekewe jiwe la nyoka lingojewe livute sumu. Atulizwe, kiungo kisichezeshwe, aende hospitali. Na kisimani, pampu ya petroli isishushwe chini kamwe, na mtu akizimia ndani, wa pili asimfuate bila kamba na watu wa kumvuta. Wengi hufa wawili.

Turudi sasa kwa tajiri wetu na neno lake. Kulipwa kwa mnazi, kwa mtaro au kwa debe hakumwondoi mtu katika kuwa mfanya kazi. Sheria ya Ajira yenyewe yaitambua kazi ya kipande. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja hawezi kuendelea kuitwa wa kutwa, sheria humhesabu kuwa wa mwezi. Tajiri ataweza kubisha, na hapo yatatazamwa mambo yalivyo: ni nani aliyemwita, ni nani aliyempangia siku na miti, amekuja kwa muda gani. Kwa hiyo wekeni ushahidi. Andikeni siku za kazi katika daftari. Msifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo, hata wa shilingi mia mbili, maana huo una jina, tarehe na saa, na haujui kusema uongo.

Mtu akiumia, tajiri aarifiwe mara moja, na yeye ana siku 7 za kumpelekea habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai yafikishwe kabla ya miezi 12 kwisha. Aliyepata kilema cha kudumu fidia yake hupimwa kwa mapato ya miezi 96, kwa kadiri ya kilema chake, na tajiri apaswa kuwa na bima ya jambo hilo tangu mwanzo. Sheria hii ilipingwa kortini miaka mingi, lakini Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi huo Desemba 2019. Kadhalika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu aitoe habari kwa mkubwa wake, na asirudishwe hapo mpaka imeondolewa. Shina lililolowa ni hatari ya namna hiyo. Twataka wakwezi walijue jambo hilo, na wanyapara nao.

Najua, atasema mwanachama wa kiwandani au wa bandarini, lakini hayo ya minazi yananihusu nini? Ndugu, kazi iliposimama Mombasa Januari 1947, hawakusimama wa bandarini na wa reli peke yao. Wa hoteli walitoka, na wa majumbani walitoka, watu waliokuwa wakifanya kazi mmoja mmoja katika ua wa tajiri, kama afanyavyo kibarua wa shamba leo. Hakuna aliyewaambia kwamba si watu wake.

Halmashauri yetu imekubali kuwaandikisha vibarua wa mashamba ya Likoni, Kisauni na Changamwe, na ada yao italipwa kidogo kidogo wakati wa mavuno. Madai ya yule mkwezi tumeyaandika. Waliokuwa wakikwea pamoja naye katika shamba lile tunawaomba wafike ofisini kabla ya mwisho wa mwezi, nao waje na simu zao.