Matangani Si Barazani

Liko neno tulisikialo mara nyingi matangani, nalo latuudhi: "Huyu hakufa bure, Mungu amemwadhibu." Msemaji huketi mkekani, akala chakula cha wafiwa, akaieleza siri ya Mwenyezi kana kwamba alikuwapo shaurini. Sisi twauliza: maarifa hayo ameyapata wapi?

Na tuutazame mji wa Lisbon, katika nchi ya Ureno. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu walikuwa makanisani asubuhi, nchi ikatetemeka. Makanisa yaliwaangukia waliomo, bahari ikapanda mjini, na moto ukateketeza mengi yaliyosalia. Maelfu ya watu walikufa, wachanga kwa wazee. Mwaka uliofuata padre Gabriel Malagrida alichapisha kijitabu, akasema kwamba sababu ni dhambi za watu wa mji. Akawalaumu hata waliojenga vibanda vya kujisitiri. Mwisho wake ulikuwaje? Mwaka 1761 waamuzi nao walijiona wanaujua moyo wake, wakamhukumu kuwa mzushi. Mzee huyo aliyepita miaka 70 akanyongwa, na mwili wake ukachomwa moto. Wala hatusemi kwamba alilipwa. Tukisema hivyo, tumekwisha kukaa katika kiti chake.

Labda mtu atajibu, "Ikiwa hatuijui sababu ya mateso, basi hatujui wema wala ubaya." Sivyo hata kidogo. Mwizi wa mbuzi huhukumiwa kwa ushahidi. Bali homa si shahidi, wala tetemeko si shahidi. Kwa nini mtoto amekufa, hatujui. Kwamba mama yake ahitaji maji, kuni na mtu wa kukaa naye, twajua sana. Mungu ametunyima lile la kwanza, hakutunyima hili la pili. Nasi twaliacha tulilopewa, twagombania tulilonyimwa!

Bwana Yesu mwenyewe aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Kisha neno la toba akawaelekezea walio hai, waliokuwa wakimsikiliza.

Basi, ndugu msomaji, uendapo matangani, hukumu iache nyumbani, uchukue mzigo wa kuni.