Mashamba Yanangoja Mafundi

Na Rehema Mwasanguti

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi wengi huzipanga njia za mtoto kwa utaratibu uleule: kidato cha tano kwanza, kisha afya, kisha ualimu, na alama zikikataa kabisa, kilimo. Utaratibu huo ni wa makosa na unatugharimu. Tanzania, nchi ambayo kilimo kinabeba takriban theluthi mbili ya nguvu kazi yake, haijapungukiwa watu wa kushika jembe. Imepungukiwa watu wa katikati: wa kupima udongo, kukagua mbegu, kusimamia mifereji ya umwagiliaji, na kuutambua ugonjwa wa mhogo kabla haujamaliza kijiji kizima.

Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Wengi waliona ni ugomvi wa kibiashara, na huenda biashara ilikuwamo, lakini sumukuvu si kisingizio. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuvu wake hustawi pale mahindi yanapoanikwa juu ya udongo na kuingizwa ghalani kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13 hivi. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu sumukuvu kuzidi sehemu 10 katika bilioni, kiasi ambacho jicho halikioni wala ulimi hauonji. Ekari za ziada hazitibu tatizo hilo, wala trekta jipya. Anayelitibu ni mtu aliyesomea kazi hiyo, mwenye kipima unyevu mkononi, ambaye yupo ghalani siku mzigo unapopokelewa na ana mamlaka ya kuukataa.

Mahali pa kumfundisha mtu huyo papo. Kuna vyuo vya kilimo vya MATI Uyole, Ukiriguru na Ilonga, na Igurusi kwa umwagiliaji. Anayependa mifugo ana vyuo vya LITA Tengeru na Mpwapwa, na wa uvuvi ana vya FETA Mbegani na Nyegezi. Kijana aliyefaulu masomo manne kidato cha nne anaweza kuanza na astashahada, akafika stashahada kwa takriban miaka mitatu, na baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro.

Wapo watakaosema serikali haiajiri, na wana haki: wahitimu wapo mtaani ilhali vijiji vingi havina afisa ugani. Lakini serikali si mwajiri pekee. Kampuni za mbegu zinahitaji wataalamu, vivyo hivyo mashamba ya mboga ya Arusha na wafungashaji wa parachichi Njombe. Soko la parachichi la China, lililofunguliwa kwa makubaliano ya Novemba 2022, linadai ukaguzi wa wadudu tangu shambani. Vyama vya ushirika vinavyopokea mazao ya maelfu ya wakulima navyo vinapaswa kumlipa mtaalamu wa kudumu kutoka kwenye makato vinayotoza, maana mzigo ukikataliwa sokoni, anayeumia ni mkulima. Wengine watauliza kwa nini vijana wasipewe ardhi tu, kama mradi wa BBT (Building a Better Tomorrow) ulivyoanza kufanya Dodoma mwaka 2023. Ardhi wapewe, ila miezi michache ya vituo atamizi vya mradi huo haiwezi kuchukua nafasi ya miaka mitatu ya chuo, na kila shamba la pamoja litahitaji fundi wake.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ubora wa mafunzo yenyewe. Mwanafunzi anayehitimu akiwa ameijua asidi ya udongo kwa kunakili ubaoni tu hatamsaidia mkulima yeyote, na mkulima atalibaini hilo msimu wa kwanza. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni moja mwaka 2024/25. Wabunge waulize ni kiasi gani cha ongezeko hilo kimefika kwenye maabara na mashamba ya mafunzo ya vyuo hivi, na wapewe jibu chuo kwa chuo.