Baraza ya Jamaa: Hema Karibu na Bahari

Shule zikifungwa, wako wazazi wa kwetu Lalago wapendao kuwapeleka watoto wakaione bahari, wakalale hemani karibu na mchanga. Ni jambo jema, wala si geni. Katika karne ya 19 babu zetu Wasukuma, pamoja na ndugu zao Wanyamwezi, walikwenda pwani kwa miguu, wakichukua pembe za ndovu mabegani hata Bagamoyo, na huko mapagazi walipiga kambi kwa maelfu. Wao walitumia miezi. Mwenye motokaa leo hutumia siku mbili. Hushika njia ya Kolandoto, akapita Tinde, Nzega na Igunga, akapanda Sekenke mpaka Singida, akalala Dodoma. Siku ya pili hupita Morogoro na Chalinze, akageukia Msata na kushukia Bagamoyo. Mwendo huo wapita kilometa 1,000, nami sina la kuwafundisha juu yake, ila watoto wasiketishwe juu ya mizigo.

Neno langu ni juu ya maji. Sisi tumezoea Nyanza. Ziwa ukiliacha jioni pale Mwanza, asubuhi utalikuta pale pale. Bahari sivyo. Hujaa na kupwa mara mbili kila siku, kwa kuvutwa na mwezi na jua. Toka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na kitu kidogo, na kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, mwezi na jua huvuta pamoja. Maji ya siku hizo watu wa pwani huyaita bamvua, nayo hupanda mita 3 na zaidi toka kupwa mpaka kujaa.

Sasa iangalieni hatari. Siku za bamvua, pande za Bagamoyo na Unguja, maji hujaa yapata saa kumi au kumi na moja jioni, hupwa saa nne au tano usiku, kisha hujaa tena alfajiri. Baba aliyecheleweshwa njiani afika usiku, aona mchanga mpana, sawasawa kama ua uliofagiwa, na bahari i mbali, sauti yake haisikiki sana. Afurahi, apige hema hapo hapo, awalaze watoto. Saa tisa wote wamelala fofofo, na maji yanakuja. Hayaji kwa kishindo. Huingia polepole juu ya ufuko ulio tambarare. Mtu mzima ataamka na kusimama. Je, mtoto wa miaka mitatu aliyefungiwa hemani?

Basi fikeni mchana. Utafuteni mstari wa majani ya bahari na vijiti mchangani, ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Lakini msiutegemee huo peke yake, maana mwezi ukikaribia kupevuka, maji ya kesho huupita mstari wa leo. Pandeni juu penye nyasi na miti, wala si chini ya mnazi wenye nazi! Kisha mwendeeni mvuvi mzee, mwamkieni kwa shikamoo, mwulizeni maji yatajaa saa ngapi usiku huo. Atacheka kidogo, naye atawaambia.

Na mchana vilevile. Wanawake wa pwani huwafuata pweza miambani maji yakipwa, nao hugeuka mara yaanzapo kurudi. Watoto wa bara hawajui kugeuka. Maji hutangulia kujaza mabonde yaliyo nyuma yao, na wao wangali wakiokota makombe mbele. Mama asiwaache waende bila mtu mzima.

Mwenye kuweza kuchagua siku zake na aende yapata siku nane baada ya mwezi kuandama. Hayo huitwa maji mafu. Hayapandi sana, nayo hujaa yapata saa nne au tano ya usiku, wazee wangali macho motoni.