Vijana Wapendanao Wasihukumiwe Kama Wanajisi

Kwa Mhariri,

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ilitungwa kwa nia njema. Bunge la Kenya lilitaka wanajisi waache kuponyoka na vifungo vya mzaha, likawafunga mahakimu mikono: anayemnajisi mtoto wa miaka 11 kurudi chini afungwe maisha, mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo kisipungue miaka 20, akiwa na 16 au 17, kisipungue 15. Sina ugomvi na adhabu hizo zinapompata mwalimu aliyemharibu mwanafunzi wake au mjomba aliyemgeukia mpwa wake. Ninacholalamikia ni kwamba kifungu cha 8 kinamweka kapu moja na watu hao kijana wa Kidato cha Nne, mwenye miaka 18, aliyependana na msichana wa miaka 17 anayesoma naye darasa moja. Kwamba msichana aliridhia, si hoja. Utetezi anaoachiwa ni kuthibitisha kwamba alidanganywa kuhusu umri. Sasa mtu wa darasa moja atadai vipi kuwa hakujua?

Mshtakiwa akiwa chini ya miaka 18, sheria hiyohiyo inaelekeza ahukumiwe kwa utaratibu wa watoto. Akishatimiza 18, mlango huo unafungwa. Baada ya uamuzi wa kesi ya Muruatetu mwaka 2017, uliofuta ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji, baadhi ya majaji walianza kupunguza vifungo vya lazima hata katika makosa ya kingono, lakini Julai 2024 Mahakama ya Juu ikasema uamuzi ule ulihusu mauaji tu. Kwa hiyo jambo lililofanywa Ijumaa na mvulana wa miaka 17 ni la mahakama ya watoto. Akilirudia Jumatatu, baada ya kutimiza 18, ni miaka 15 gerezani, na hakimu anayemhurumia hana la kufanya.

Wote wawili wanapokuwa watoto kuna dhuluma ya aina nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Aghalabu mimba ndiyo inayofichua siri, na kwa kuwa inaonekana kwa msichana, yeye anakuwa shahidi na mvulana mshtakiwa, hata kama wana umri mmoja. Mahakama Kuu ya Homa Bay ilisema mwaka 2017 kuwa kumshtaki mvulana peke yake ni ubaguzi. Ile ya Eldoret, mwaka 2014, haikuona kasoro katika sheria. Mzazi afuate ipi? (Wako wanaofuata ya tatu: kutishia kesi ili walipwe fidia, jambo ambalo halimlindi binti yeyote.)

Watetezi wa watoto wanahofu kuwa tukilegeza hapa, wabakaji watapenya. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana sitaki umri wa kuridhia ushushwe kwa kila mtu. Nataka msamaha mwembamba: pengo la umri lisizidi miaka miwili, pasiwe na nguvu, vitisho wala mamlaka ya mmoja juu ya mwenzake. Afrika Kusini ilifanya hivyo mwaka 2015, baada ya Mahakama ya Katiba kuamua mwaka 2013 kwamba kuwafanya vijana wahalifu kwa mapenzi ya hiari kunawadhuru walewale wanaolindwa. Viongozi wa dini watasema uzinzi ni dhambi. Ni kweli, lakini dhambi ya watu wazima wawili hatuipeleki kortini. Na anayesema viongozi wa mashtaka watumie busara ajue kuwa busara hutofautiana kutoka kituo hadi kituo, na mtoto wa asiye na wakili ndiye huikosa.

Mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufani walisema wazi kuwa magereza yana vijana wengi wa namna hii, wakaomba taifa liujadili upya umri wa kuridhia. Bunge likiamua kurekebisha kifungu cha 8, lisisahau kuweka kipengele cha kuwaruhusu waliokwisha kufungwa warudi mahakamani kuhukumiwa upya, maana sheria mpya isiposema hivyo haitawafikia.

Msomaji wenu,
Kilifi